Jinsi ya kufuatilia asili ya neno fupi: mfano wa "dar"

"Niko Dar." "Basi la Dar limeshaondoka?" Herufi tatu tu, na kila mtu anaelewa. Lakini herufi hizohizo tatu kwa Mreno ni "kutoa", kwa Mturuki ni "-embamba", kwa Mpolandi ni "zawadi", kwa Mkurdi ni "mti", na kwa Mmalta ni "nyumba". Ukiyaona yamepangwa pamoja hivi, kishawishi cha kuyaunganisha yote kinakuja chenyewe. Machache kati yake yana undugu kweli. Mengi hayana. Na mawili ambayo mtu angeapa kuwa ni ndugu, ukiyachunguza unakuta hayahusiani hata kidogo.

Mwongozo huu unatumia "dar" kuonyesha kazi yenyewe inavyofanywa, hatua kwa hatua, na mahali watu wanapoteleza. Ukishaielewa, unaweza kuitumia kwa neno lolote fupi unalolitaka.

Hesabu kwanza

Chukua lugha ya kawaida yenye konsonanti 20 na irabu 5. Maneno ya umbo la konsonanti, irabu, konsonanti yanayoweza kuundwa humo ni 20 × 5 × 20, yaani 2,000. Duniani zinazungumzwa lugha takribani 7,000. Hata kama kila lugha ingetumia sehemu moja tu ya kumi ya maumbo hayo, bado sura kama "dar" ingetokea katika mamia ya lugha, bila mtu yeyote kumwazima mwenzake. Kwa maneno yenye silabi moja tu, kama "ka" au "ba", hali ni mbaya zaidi, maana maumbo yapo 100.

Kwa hiyo kufanana si ushahidi, ni sababu ya kuanza kutafuta ushahidi. Mtu akikuletea jozi moja ya maneno yanayofanana, hata maana zikikaribiana, usibishane naye. Mwombe jozi nyingine mbili zinazofuata mpangilio uleule wa sauti. Hapo ndipo nadharia nyingi huishia.

Vitu vya kuwa navyo

Unahitaji kadi ngumu au jedwali kwenye kompyuta lenye safu saba: lugha, maandishi asilia, matamshi, aina ya neno, maana, umbo la zamani kabisa unaloweza kulithibitisha, na chanzo ulikolipata. Kadi moja ichukue neno moja, si lugha moja. Kiajemi peke yake kitakula kadi tatu: dar "mlango", dār "mti wa kunyongea", na -dār "mwenye kitu" inayokaa mwishoni mwa maneno. Ukiyabana yote kwenye kadi moja kwa sababu ni Kiajemi, umeshachanganya mambo kabla hujaanza.

Kwa upande wa Kiswahili, usitegemee kamusi moja. Tumia angalau moja ya karibuni inayoonyesha lugha ya asili kwa kifupisho pembeni ya kidahizo, yaani neno linaloelezwa na kamusi, kama Kar kwa Kiarabu au Kng kwa Kiingereza, na moja ya zamani. Kamusi ya Krapf ilichapwa 1882 na imejaa Kiswahili cha Mombasa cha wakati ule. Ya Sacleux, padri aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo, ilitoka 1939 kwa Kifaransa na inatofautisha lahaja kwa uangalifu mkubwa. Ya Johnson nayo ni ya 1939. Kamusi hizi za zamani zina maneno na maana zilizoachwa wakati Kiswahili kinasanifiwa, na mara nyingi maana iliyoachwa ndiyo inayoonyesha neno lilikotoka. Jijini, anzia Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani. Uliza sehemu ya rejea. Vitabu vya aina hii kwa kawaida haviazimwi, husomwa humohumo, kwa hiyo nenda na kadi zako. Kwa lugha za Kibantu ipo kanzi ya mizizi ya kale iliyoandaliwa na makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na inapatikana kwenye intaneti.

Jambo moja kuhusu vile vifupisho: vinakwambia Kiswahili kililipokea neno kutoka wapi, havikwambii lilizaliwa wapi. "Bandari" unaweza kuikuta imewekewa alama ya Kiarabu, na ni kweli Waarabu husema bandar, lakini wao wenyewe walilipata kwa Waajemi. Andika vituo vyote viwili.

Andika neno kwa sura yake halisi

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Kwa herufi za Kilatini, "dar" inaficha maneno yafuatayo:

دار, Kiarabu, dār, irabu ndefu: nyumba, makazi.
در, Kiajemi, dar, irabu fupi: mlango.
ضرّ, Kiarabu, ḍarr: madhara.
डर, Kihindi, ḍar, ulimi umekunjwa nyuma: hofu.
दर, Kihindi, dar, ulimi kwenye meno: kiwango cha bei.
дар, Kirusi: zawadi.

Kwenye ujumbe wa simu yote haya huandikwa "dar". Ukinakili kutoka humo, Kihindi kitaonekana kina neno moja lenye maana ya hofu na bei, na utaanza kutafuta hadithi ya kuziunganisha. Hadithi itapatikana, tena nzuri, na itakuwa ya uongo. Konsonanti mbili zile ni tofauti kabisa kwa msemaji wa Kihindi. Vivyo hivyo Kisomali: dhar, "nguo", ina dh ambayo ni sauti nyingine kwao, si d iliyoongezewa pumzi, wala si dh yetu ya "dhahabu".

Kwa maneno ya Kiarabu, msemaji wa Kiswahili anayo zana nyumbani. Kiswahili kilipokopa kiliweka tofauti: herufi ya Kiarabu د ilibaki d, kama katika dini, dunia na dawa. Herufi ذ, ظ na ض zote zikawa dh: dhahabu, dhuluma, dharura. Kwa hiyo ukiona "dharura", "madhara" na "dhuru", unajua mara moja kwamba zimetoka kwenye ḍarr wala haziwezi kuwa za jamii ya dār. Ukiona "idara", ina d, basi endelea kuichunguza.

Vua viambishi

Usilinganishe maneno yaliyovaa nguo. Vua kila kiambishi, ubaki na mzizi, ndipo ulinganishe mizizi.

Anza na Kihispania, ambako dar ni kitenzi "kutoa". Kinyambue: doy, das, da, damos. Ile r imekwenda wapi? Haikuwa ya mzizi. Ni alama ya kitenzi-jina, sawa na ku- yetu, isipokuwa wao wanaiweka mwishoni. Kilatini kilikuwa dare, na -re ndiyo alama yenyewe. Kireno ni vilevile: dou, dás, dá. Mzizi uliobaki ni da-.

Sasa chukua "zawadi" ya Kislavoni: dar kwa Kipolandi, Kicheki, Kirusi na Kiserbia. Kitenzi cha "kutoa" katika lugha hizo ni dać, dát, dat', dati. Kumbe r ya dar nayo si ya mzizi. Ni kiambishi cha zamani kinachogeuza "toa" kuwa "kitolewacho". Mzizi ni da-. Hapo una undugu wa kweli: da- ya Kihispania na da- ya Kislavoni ni mzizi mmoja wa lugha za Kihindi-Kiulaya, jamii inayojumuisha lugha nyingi za Ulaya, Iran na India, wenye maana ya kutoa, uleule uliozaa dōron, "zawadi", kwa Kigiriki, unaosikika katika jina Theodoros, zawadi ya Mungu. Waslavoni nao wana Božidar, maana ileile.

Tazama kilichotokea hapo. Maneno mawili ni ndugu, lakini herufi moja kati ya tatu, ile r iliyofanya yafanane kwa ukamilifu, ni ajali tupu. Aliyesema "ni ndugu kwa sababu yote ni dar" amefika kwenye jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na kesho sababu hiyohiyo itampeleka pabaya.

Kiromania kina dar mbili, moja "zawadi" na nyingine "lakini". Ya zawadi ni mkopo kutoka Kislavoni. Kadi mbili, basi.

Kituruki hakina cha kuvua. Darlık ni "wembamba, dhiki", daralmak ni "kuwa -embamba", na ukiondoa viambishi dar inabaki nzima.

Kiarabu kinahitaji uvuaji wa aina nyingine, kwa kuwa mzizi wake ni konsonanti na irabu huingizwa kati. Dār inaonekana ina konsonanti mbili tu. Tafuta wingi: dūr, au diyār. Tafuta kitenzi: dāra, yadūru, "zunguka". Tafuta jina la tendo: dawr, "zamu, mzunguko". Sasa w imejitokeza. Mzizi ni d-w-r, kuzunguka. Na hapa Kiswahili chako kinafunguka: duara, duru, idara, na hata mudiri, cheo kilichokuwa kikitumika Zanzibar, zote ni za mzizi huu. Idara ni uendeshaji, kuyafanya mambo yazunguke. Mudiri ndiye mzungushaji. Mtu anayekwenda kwenye idara ya serikali jijini Dar es Salaam anatamka mzizi mmoja mara mbili katika sentensi moja.

Na jina la jiji lenyewe? Ni dār as-salām. Kile "es" cha katikati ni kibainishi al- kilichobadilika, kwa kuwa s ni mojawapo ya herufi 14 za jua ambazo humeza l. Sisi wakazi tumekata jina mwanzoni na kubaki na "Dar", jambo la kawaida kabisa kwa majina marefu, ila kwa Mwarabu kilichobaki ni "nyumba ya…", sentensi ambayo haijaisha.

Rudi nyuma, kila neno kwa njia yake

Kanuni ya jumla ni hii: maneno ndugu hukaribiana kadiri unavyorudi nyuma katika wakati, na maneno yaliyofanana kwa bahati huachana. Kwa hiyo kila kadi itafutie umbo la zamani.

Dar ya Kituruki: angalia lugha nyingine za jamii hiyo. Kikazaki ni tar. Je, t ya Kikazaki kuwa d ya Kituruki ni kawaida? Tafuta jozi: "ulimi" ni dil kwa Kituruki, til kwa Kikazaki. "Jino" ni diş na tis. "Nne" ni dört na tört. Jozi tatu, inatosha. Umbo la kale lilianza na t, na dar ya Kituruki inazidi kwenda mbali na zile nyingine.

Dar ya Kikurdi, "mti", na dār ya Kiajemi, "mti wa kunyongea", zinarudi kwenye neno la kale la mti au ubao, lililozaa derevo ya Kirusi na tree ya Kiingereza. Mti wa kunyongea uliitwa mti tu, kama Kiswahili kinavyouita hadi leo.

Sasa tunafika kwenye ile jozi ya hatari. Kiajemi dar, "mlango", kinarudi kwenye Kiajemi cha kale duvara-. Kiarabu dār, "nyumba", kina mzizi d-w-r. Umeona? Hazikuachana, zimekaribiana. D, w, r kwa mpangilio uleule, na mlango ni sehemu ya nyumba. Anayefuata kanuni ya hapo juu kwa upofu atatangaza undugu.

Simama hapo na uangalie jamaa wa kila upande. Duvara- ana ndugu wengi: dvāra kwa Kisanskriti, thyra kwa Kigiriki, Tür kwa Kijerumani, door kwa Kiingereza, fores kwa Kilatini. Zote ni "mlango", hakuna hata moja yenye maana ya kuzunguka, na mwanzoni kulikuwa na sauti moja iliyogawanyika kuwa d, th, t na f kwa taratibu zinazojulikana. Upande wa pili, d-w-r ana jamaa zake: Kiebrania dar, "anaishi", na dor, "kizazi", Kiakadi dūru, "ukuta wa mji", Kimalta dar, "nyumba", wingi djar. Zote zinahusu kuzunguka, kuzingira, kukaa mahali palipozungukwa. Milango haimo. Isitoshe, w ya Kiarabu ni konsonanti kamili ya katikati inayoondoka na kurudi kadiri neno linavyonyambuliwa, ilhali ile ya Kiajemi ilikuwa imegandamana na d ya mwanzo. Na kubwa kuliko yote: ukijaribu kupata jozi nyingine mbili ambamo konsonanti za kale za Kiajemi zinalingana na za Kiarabu namna hii, hupati. Ni bahati tupu, bahati ya hali ya juu, lakini bahati. Jozi hii inafaa kufundishia kuliko nyingine yoyote, na ukiielewa vizuri hutadanganyika kirahisi tena.

Mpangilio wa sauti nyumbani kwetu

Kwa maneno ya asili ya Kibantu huna maandishi ya miaka elfu mbili ya kurudi nyuma. Unachotumia ni lugha jirani, na kanuni ya jozi tatu ndiyo inayobeba mzigo wote. Chukua "kaa": kaa la moto, kaa wa baharini, na kitenzi kukaa.

Weka mezani Kiswahili, Kinyanja na Kinyarwanda:

mvua, mvula, imvura
njaa, njala, inzara
makaa, makala, amakara

Mahali Kiswahili kina pengo kati ya irabu mbili, Kinyanja kina l na Kinyarwanda kina r. Kilingala kinakubaliana na Kinyanja: mbula, nzala, makala. Kwa hiyo Kiswahili kilipoteza sauti hapo. Kaa la moto lilikuwa na l. Kaa wa baharini naye alikuwa nayo: Kixhosa humwita unonkala. Na kitenzi? Kinyanja ni -khala, Kigiriama -kala.

Kitenzi hiki kina ushahidi mwingine ndani ya Kiswahili chenyewe. Kiweke katika kauli ya kutendea: kaa, kalia. L imerudi. Linganisha zaa, zalia. Kisha tafuta jina la mtendaji: kaa, mkazi, zaa, mzazi. Ile l ikikutana na i ya kale hugeuka z. Mtu anayesema "mkazi wa Dar" anatamka mabaki ya sauti ambayo kitenzi chenyewe kimeshaipoteza. Jaribio hili la kauli ya kutendea ni la sekunde tano, halihitaji kamusi, na linafanya kazi kwa vitenzi vingi vinavyoishia na aa.

Ujue pia kwamba "kaa" hizi tatu kufanana hakuzifanyi kuwa neno moja. Angalia ngeli: kaa la moto lina wingi makaa, kaa wa baharini wingi wake ni kaa walewale. Kadi tatu.

Na hapa kuna mtego mtamu. Kwa Kimaori, lugha ya New Zealand, kā ni "kuwaka", na ahi kā ni mioto inayowaka, msemo wa haki ya watu wanaoendelea kuishi kwenye ardhi yao. Moto na makazi katika neno moja! Rudi nyuma: Kihawai, ndugu wa Kimaori, kina ʻā, maana sauti ya k katika Kimaori hulingana na mkato wa koo katika Kihawai. Neno la kale la Kipolinesia lilikuwa kā bila l yoyote. Letu lilikuwa kala. Kadiri unavyorudi nyuma yanaachana, na hakuna jozi ya pili ya kuyaunga mkono.

Fuata njia iliyolileta

Neno la kukopwa halisafiri peke yake. Likija, huja na wenzake wa shughuli ileile: bahari, dini, jeshi, shule, jiko. Ukidai neno moja limetoka Ureno, onyesha wenzake: meza kutoka mesa, leso kutoka lenço, bendera kutoka bandeira. Ndiyo maana "gereza", linalosikika katika jina la mtaa wa Gerezani, linahusishwa bila shida na igreja, "kanisa": lina wasafiri wenzake na lina wakati wake, zama za Wareno pwani hii. Kariakoo nalo lina tarehe yake: Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Turudi kwenye dar ya Kiajemi, "mlango". Ilifika kwetu? Ilifika, imejificha. Kiajemi huweka -če kudogosha: darīče ni mlango mdogo, yaani dirisha. Ch imekuwa sh, e ya mwisho imekuwa a, na irabu ya kwanza imeifuata i inayokuja baada yake. Wenzake wa safari ni bandari, nanga, pamba na bustani, baadhi yakipitia Kiarabu. Na ile -dār ya "mwenye" imo katika jemadari, neno la kijeshi lililotufikia kwa njia ya India. Kwa hiyo sentensi "jemadari alisimama dirishani Dar es Salaam" ina dar tatu za asili tatu tofauti, na hakuna hata moja iliyo ndugu ya mwenzake.

Njia ndiyo pia inayosaidia kupima maelezo ya mitaani. Wapo wanaosema jina la jiji lilikuwa Bandar es Salaam, bandari ya salama, likafupishwa. Maana inavutia, maana bandari ipo. Lakini jiulize: kwa nini watu wa pwani wapoteze "ban" katika jina hili peke yake, wakati neno bandari wanalitumia zima kila siku? Na kwa upande wa pili, dār as-salām ni msemo uliokuwa tayari. Umo katika Kurani, sura ya 6 aya ya 127 na sura ya 10 aya ya 25, na Brunei wanautumia katika jina la nchi yao. Sultani Majid bin Said alipoanza kujenga mji wake karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, hakuhitaji kubuni. Dār katika majina ya mahali ni jambo la kawaida tangu zamani: Darfur ni nchi ya Wafur, na Casablanca kwa Kiarabu ni ad-Dār al-Bayḍāʾ, nyumba nyeupe. Maelezo ya "bandar" yaandike kwenye kadi, maana watu wanayasimulia na hilo nalo ni sehemu ya maisha ya jina, ila yape alama yake.

Kuuliza wasemaji

Dar ni mahali pazuri kwa kazi hii. Wasemaji wa Kigujarati na Kikachi utawapata Upanga na Kisutu, walimu wa Kiarabu wako kila mtaa wenye madrasa, na wanafunzi wa kigeni wako Mlimani.

Kosa kubwa ni kumtajia mtu neno na maana kwa pamoja. Ukimuuliza mwalimu wa madrasa, "Ustadhi, si kweli kwamba dar ni nyumba?" atakujibu ndiyo, na hujapata kitu. Uliza hivi: "Assalaam alaykum, ustadhi. Mahali anapoishi mtu na jamaa zake, kwa Kiarabu mnapaitaje? Na zikiwa nyingi?" Huenda akaanza na bayt. Vizuri, iandike, kisha umwombe majina mengine. Dār ikija yenyewe, pamoja na wingi wake diyār, una ushahidi. Muombe aitie kwenye sentensi mbili, na umwombe ruhusa ya kurekodi kwa simu, maana urefu wa irabu na mahali ulimi ulipogusa hutavikumbuka ukifika nyumbani. Kumbuka pia kwamba mwalimu wa madrasa atakupa Kiarabu cha vitabuni. Mwomani au Mmisri atakupa cha mazungumzo. Andika ni kipi.

Mzee akikusimulia asili ya jina la mtaa wake, msikilize mpaka mwisho bila kumkatiza na bila kumsahihisha. Shukuru, kisha andika "simulizi" kwenye safu ya chanzo.

Kuandika ulichopata

Tumia daraja tatu tu: hakika, inaelekea, simulizi. "Hakika" inahitaji vyanzo viwili visivyonakiliana, na ama jozi tatu za sauti ama njia ya ukopaji yenye wakati unaojulikana. "Inaelekea" ni pale kimoja kinapokosekana. Usibuni daraja la nne la kujifariji.

Kidahizo kikikamilika kinakuwa hivi:

dirisha, nomino, wingi madirisha. Uwazi ukutani wa kuingizia hewa na mwanga. Kiajemi darīče, "mlango mdogo", kutoka dar, "mlango", na -če ya udogo. Badiliko: ch kuwa sh, e ya mwisho kuwa a, a ya kwanza kuwa i. Wenzake: bandari, nanga. Halihusiani na: Kiarabu dār. Hakika.

Kile kipengele cha "halihusiani na" usikiache. Kinamwokolea muda atakayekuja nyuma yako, na kinakulazimisha wewe mwenyewe uonyeshe kwamba ulilitazama lile neno linalofanana ukalikataa kwa sababu.

Ukitaka kujipima, chukua "paa": paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani, na kupaa samaki magamba. Anza na ngeli, uone kadi ngapi unahitaji. Kisha viweke vitenzi vyote viwili katika kauli ya kutendea na usikilize kama kuna sauti inayorudi, kabla hujafungua kamusi yoyote.